Shule tatu za kutwa za serikali hapa Moshi, kwa macho ya fundi wa sare

Orodha za waliochaguliwa kidato cha kwanza zikishatoka TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, baraza langu karibu na Soko la Kati halina pa kukanyaga. Wazazi wanakuja na fomu za kujiunga mkononi, wengine wamezikunja mpaka hazisomeki, na nikimaliza kumpima mtoto mabega, swali linalofuata nalijua: "Fundi, hii shule ikoje?" Wananiuliza mimi kwa sababu nashona sare za karibu kila sekondari ya manispaa ya Moshi, na mtoto akisimama kupimwa huwa anaongea. Mkuu wa shule hasikii ninayoyasikia mimi.

Kwa kawaida najibu nusunusu, biashara ni biashara. Safari hii nimelazimika kutafuta jibu kamili. Mdogo wangu kahamishwa kikazi kwenda mkoa mwingine, kijana wake anaingia kidato cha pili, na tumekubaliana abaki kwangu mpaka amalize cha nne. Shule za kutwa ambazo angefika bila kupanda gari mbili zilikuwa tatu. Nimezitembelea zote, nimekaa kwenye mabenchi ya wageni, nimeonja chakula pale kilipopikwa, nimeomba kuona madaftari. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Majina siyaandiki. Wakuu wa shule wote watatu walinipokea vizuri, na walimu wao kadhaa ni wateja wangu. Nitaziita ya Juu, ya Kati na ya Chini. Mtu wa Moshi ataelewa: juu ni upande wa mlima, kwenye migomba na baridi ya Juni, kati ni mjini penyewe, chini ni kule kwenye joto na vumbi, uelekeo wa kiwanda cha sukari cha TPC. Na nisiwazungushe: niliyoichagua ni ya Chini, ambayo ukiitazama kutoka barabarani ndiyo mbaya kuliko zote.

Kabla ya kulinganisha, tuwekane sawa. Sizungumzii Ilboru kule Arusha wala shule nyingine za vipaji, maana hizo huchukua waliofaulu kupita wote darasa la saba. Sizungumzii Moshi Ufundi, inayopokea watoto kutoka mikoa mbalimbali, wala shule za misheni ambazo mkoa wetu umejaliwa nazo na ambazo ada yake mimi nitaisikia tu redioni. Nazungumzia shule hizi tulizozoea kuziita za kata, zilizoota kila mahali kuanzia ule mpango wa kupanua sekondari, MMES, wa 2004. Watoto waliong'ara zaidi wameshachujwa kabla hawajafika hapa. Kwa hiyo mtu akinilinganishia shule ya kata na Ilboru namwambia avute kiti akae nje kidogo.

Matokeo ndiko kila mzazi anakokimbilia. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, iliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, na mimi sikulia. Lakini matokeo ya kila shule bado yako kwenye tovuti yao, mwaka kwa mwaka, na simu yenye bando kidogo inayafungua. Kazi iko kwenye kuyasoma. Mzazi anafungua, anatafuta safu ya daraja la kwanza, anahesabu, anatabasamu, anafunga. Matokeo yakaguliwe kama nguo: geuza ndani uone mishono. Mimi naanzia mwisho, kwenye sifuri, yaani waliofeli, halafu daraja la nne, ndipo nisogee huku juu.

Sababu yake ni hii. Daraja hupigwa kwa masomo saba ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne. Sasa mchukue mtoto mwenye daraja la nne la pointi 33. Huyo ana D mbili na F tano, au C moja na F sita. Na D yenyewe inaanzia alama 30. Kwenye bango la getini huyo anahesabiwa amefaulu! Miaka minne ya nauli, sare na madaftari, anarudi nyumbani na D mbili. Ndiyo maana mkuu wa shule akiniambia ufaulu wao unakaribia asilimia mia, nauliza kwa upole: mwalimu, tukiliweka la nne pembeni, wanabaki wangapi?

Kuna hesabu nyingine ambayo sijamwona mzazi akiifanya, na haihitaji elimu yoyote. Kidato cha pili nao hufanya mtihani wa taifa, na matokeo yao yako kwenye tovuti hiyohiyo. Waliofanya cha pili 2022 ndio waliofanya cha nne 2024. Fungua yote mawili, tazama wangapi walikaa kwenye mtihani cha pili na wangapi wakakaa cha nne. Wengine watakuwa wamekariri, wengine wamehama na wazazi wao, hayo ni ya kawaida, na wapo pia wanaohamia. Lakini pengo likiwa kubwa, na likajirudia mwaka baada ya mwaka, hapo kuna jambo.

Shule ya Juu ndiyo yenye daraja la kwanza nyingi kuliko hizi nyingine mbili. Ukiingia tu unaliona bango, limechapishwa vizuri, na picha za waliofaulu wakiwa na sweta nilizowafumia mimi (sikulipwa kwa tangazo hilo). Mazingira ni ya kutamanisha: miti, maji ya bomba ya uhakika, ua, madarasa yaliyopakwa rangi. Walimu wananyoosha mgongo wanapotembea. Nilipofanya hiyo hesabu ya cha pili na cha nne, nikaona kama mkondo mmoja mzima umeyeyuka njiani, na si mwaka mmoja.

Wamekwenda wapi? Baadhi nawajua, maana nilibadilisha sare zao. Mama mmoja wa mbogamboga alinieleza bila hata mimi kumchokoza. Mwanawe alipofika cha tatu na alama zake zikawa za chini, aliitwa shuleni, akaketishwa vizuri, akaambiwa kwa lugha laini kuwa "mazingira mengine yangemfaa zaidi kijana." Hakufukuzwa, hapana. Alishauriwa. Akashauriwa tena. Mwishowe akahama, akaja kwangu kutoa nembo ya zamani mfukoni na kushonea mpya. Wa pili akaja na hadithi ileile, kisha wa tatu, mpaka nikaacha kushangaa. Kila aliyeshauriwa kuondoka ni sifuri moja au la nne moja lililopungua kwenye ukurasa wa shule hiyo na kuongezeka kwenye ukurasa wa shule nyingine. Kwa hiyo lile bango ni la kweli, picha ni za kweli, daraja la kwanza ni za kweli. Ila kijana wetu ni wa katikati, Hisabati inamtoa jasho, na mimi sitafuti shule itakayomtazama kama doa.

Hata hivyo niwape haki yao. Mtoto mwenye uwezo, anayejisukuma mwenyewe, Juu atanufaika kuliko kwingine. Maabara zao za Kemia na Biolojia zinafanya kazi, nimekuta kidato cha tatu wanapima asidi kwa pipeti, kila kikundi na meza yake. Maktaba ina vitabu na, la ajabu zaidi, ina watoto ndani.

Shule ya Kati ndiyo ambayo kila mtu anaitaka kwa sababu ya urahisi. Daladala zote zinapita jirani. Na walimu wamejaa, maana mwalimu akiolewa na mtu wa mjini anaomba kumfuata mwenza wake, na mjini ndiko mwenza aliko. Nilipouliza idadi ya walimu wa Historia, Kiswahili na Jiografia nilijibiwa kwa fahari. Nilipouliza wa Hisabati na Fizikia, mwalimu wa taaluma akafungua droo, akaifunga, akaniambia wanaye mmoja na mwingine wa kujitolea ambaye wazazi wanachangia posho yake. Hisabati ndilo somo linaloangusha watoto wengi zaidi nchi hii kila mwaka. Shule ikiwa na walimu tele na hapo pakawa na upungufu, wingi huo haunisaidii.

Madarasa yamefurika. Kiwango cha serikali kwa sekondari ni wanafunzi 40 kwa darasa. Darasa la kidato cha pili nililochungulia dirishani lilikuwa na watoto mpaka karibu na ubao, wa mbele wakitazama juu mpaka shingo zinauma. Si kosa la shule peke yake. Ada ya 20,000 ya kutwa ilipofutwa Januari 2016, watoto wakaja, na ni jambo la heri, ila kila mzazi anataka mtoto wake asome mjini.

Kilichonishinda Kati hasa ni saa ya mchana. Hawapiki. Mkutano wa wazazi ulishindwa kukubaliana kuhusu mchango wa chakula, na watu wengi hawaujui vizuri waraka wa elimu bila ada: chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni jukumu la mzazi, pamoja na sare, nauli, madaftari na matibabu. Serikali inaleta fidia ya ada na ruzuku ya uendeshaji, haileti mahindi. Sasa wazazi wasipokubaliana, kengele ya mapumziko ikilia geti linafunguliwa na watoto wanamwagika mjini. Wenye shilingi mia tano wananunua mihogo ya kukaanga. Wasio nayo wanazurura. Baadhi ya wavulana wanaishia kwenye mashine za kamari, dubwi, kule vichochoroni, wakiwa na shati la shule chini ya fulana. Nawaona kwa macho yangu, kibanda kimoja kinatazamana na cherehani yangu. Baada ya mapumziko anayerudi ni nani? Mwalimu wa kipindi cha saa saba aliniambia hilo darasa la watu mia kasoro linampungua mpaka anafundisha kwa raha.

Na kuna hili la sare, ambalo mtasema nina chuki binafsi, na ni kweli ninayo. Fomu ya kujiunga ya Kati haisemi lolote baya. Mtoto akifika na sketi niliyoshona mimi, marinda yamekaa, kipimo sahihi, kitambaa kilekile, anaambiwa rangi si yenyewe, akanunue duka fulani. Sweta ambayo soko la Mbuyuni utaipata kwa 15,000, pale ni 25,000. Nililinganisha vitambaa viwili juani mbele ya mzazi, vilikuwa vya jora moja. Kuna mzazi alinunua mara mbili kwa mtoto mmoja ndani ya wiki hiyo. Sijui nani anapata nini, sitasema.

Wavulana wa Kati wananiletea suruali wakitaka nizibane miguuni. Nawarudisha. Wanakwenda kwa fundi mwingine, anawabana, kisha Jumatatu mwalimu wa zamu anakata kwa mkasi paredini na Jumatano wanarudi kwangu nishone upya. Huwa natoza kamili.

Sasa ya Chini. Ukishuka kwenye daladala unatembea kwenye vumbi jekundu, wakati wa masika ni tope. Hakuna ua, mbuzi wa jirani wanakatiza uwanjani wakati wa paredi. Kuna madarasa mapya yaliyojengwa kwa zile fedha za UVIKO za 2021, madirisha ya kioo, sakafu nzuri, na pembeni yake kuna madarasa ya zamani yenye madawati yaliyochanika kingo. Hayo madawati nayafahamu kwa kazi ya mikono yangu: kiraka cha goti na cha paja, kiraka cha goti na cha paja. Suruali ya mtoto wa Chini haimalizi muhula bila kunitembelea.

Daraja la kwanza ni chache, ukihesabu kwa vidole utabakiwa na vidole. Lakini nilipoanza kusoma kutoka mwisho, nikaona sifuri inapungua, na la tatu linaongezeka polepole. Na idadi ya waliofanya cha pili ukiifuata mpaka cha nne, ni karibu watu walewale. Shule hii haimshauri mtu kuondoka. Tena ndiyo inayopokea wanaoshauriwa kwingine, pamoja na sifuri zao zinazonukia, na bado inapanda.

Nilipomuuliza mkuu wa shule, ambaye ni mama wa makamo mwenye kilemba na daftari kwapani muda wote, hakunipa hotuba. Alinipeleka jikoni. Jiko ni la mabati, sufuria mbili kubwa, kuni za mgrivea, mpishi na msaidizi wake. Makande, mahindi yaliyokobolewa, maharage ya kutosha kuonekana. Kila mzazi analeta debe la mahindi na kilo kadhaa za maharage kwa muhula, na hela kidogo ya mpishi na kuni. Asiyeweza mahindi analeta kuni, au anakuja kufanya kibarua cha shule. Kengele ilipolia watoto walitoka na mabakuli yao ya plastiki, majina yameandikwa ubavuni kwa rangi ya kucha, wakapanga foleni kwa vidato, cha nne mwisho. Nilipewa bakuli la mwalimu. Chumvi ilizidi kidogo. Lakini dakika arobaini baadaye nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa la kidato cha pili na viti vyote vilikuwa na watu.

Kipindi kilikuwa Hisabati, aljebra. Mwalimu kijana, sauti ndogo, hakupiga kelele hata mara moja. Aliandika swali, akamwita mtoto ubaoni, mtoto akakosea mstari wa tatu. Badala ya kumfutia, akauliza darasa: "Mpaka wapi yuko sahihi?" Wakabishana. Mmoja alisimama kutetea kosa kwa dhati kabisa mpaka watu wakacheka, naye akacheka, akakaa. Nikaomba daftari la mtoto wa jirani yangu. Kalamu nyekundu ilikuwa imepita kwenye kila hatua, na chini imeandikwa rudia swali la 4 na la 6, na kweli ukurasa uliofuata yalikuwa yamerudiwa na kusahihishwa tena. Madaftari ya Juu niliyoyaona yalikuwa na tiki moja kubwa iliyopita ukurasa mzima kutoka kona hadi kona. Ya Kati mengine hayakuwa na kalamu nyekundu kabisa tangu muhula ulipoanza.

Ushauri wa bure: msiulize mwalimu kama anasahihisha. Mwombe mtoto yeyote daftari.

Kitu kingine nilichoomba kila shule ni kitabu cha adhabu. Watu wengi hawajui kama kipo. Kanuni za 2002 zinasema fimbo zisizidi nne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na iandikwe: nani, kwa kosa gani, ngapi. Juu walicheka wakaniambia wao hawachapi, na huenda ni kweli, sijasikia mtoto wao akilalamika. Kati walinitolea kitabu safi kama kimetoka dukani leo, hali mimi napima watoto wenye alama za fimbo kwenye mapaja. Chini kitabu kimechakaa, kimeandikwa, na nikaona majina mawili yamekatwa na mkuu wa shule kwa sababu mwalimu aliyechapa hakuwa na kibali. Sipendi fimbo. Lakini napenda zaidi mahali ambapo zinahesabiwa kuliko mahali zinapofichwa.

Kuna sketi moja niliyoishona mwaka juzi. Binti alikuja na mama yake, akaomba kiuno kiwe na lastiki badala ya kifungo, na akaniambia shati liwe pana kifuani kwa sababu ananyonyesha. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, lakini ruhusa ya Dodoma na mlango wa shule ni vitu viwili. Mama yake alisema walizungushwa kwingine, njoo kesho, njoo Jumatatu, mpaka wakachoka. Chini walimpokea, na mwalimu wa malezi alimpangia muda wa kwenda nyumbani mchana, mtoto akiwa kwa bibi jirani na shule. Binti huyo alifanya mtihani wake wa cha nne. Alipata la tatu. Alikuja kuniambia mwenyewe, na nguo ya mtoto mkononi nimfupishie.

Vyoo: Juu vizuri, Kati vibaya mno, Chini vya kawaida na wana chumba cha wasichana chenye maji na pipa. Michezo sikuiangalia, kijana wetu hapendi mpira.

Nauli nayo ni habari. Mwanafunzi analipa 200 na sare mwilini, lakini kupanda kwenyewe asubuhi ni vita. Makonda wanajifanya hawaoni kundi la watoto kituoni, maana wanne wanakula nafasi za watu wazima wanne. Kwa Juu angeondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri ili awahi namba. Kwa Chini anakwenda kinyume na wanaoingia mjini, gari ziko tupu, konda anambembeleza apande. Hili dogo wazazi hawalifikirii mpaka mtoto aanze kuchapwa kwa kuchelewa.

Kasoro za Chini sizifichi. Maabara ni chumba chenye meza na kabati lililofungwa. Kidato cha nne wanapewa vifaa karibu na mtihani na wanagawana. Mtoto anayetaka udaktari namwambia mapema kuwa Kemia ataitafutia nguvu ya ziada nje, au avumilie alfajiri za Juu. Maktaba hakuna. Kiingereza cha kidato cha kwanza kinachechemea, watoto wametoka shule za msingi walikosoma kila kitu kwa Kiswahili, na wiki zile za mwanzo za kuwavusha zilikatwa na ujenzi. Na vumbi, jamani. Shati jeupe la Chini halijawahi kubaki jeupe, nawashauri wazazi wanunue mawili na la kubadilisha.

Wenye watoto watakaomaliza msingi 2027 nawaongezea jambo moja. Kwa mpango uliotangazwa, mwaka huo darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, kwa hiyo Januari 2028 vidato vya kwanza vitapokea mikupuo miwili kwa mpigo. Nilimuuliza kila mkuu wa shule atawaweka wapi. Juu alinionyesha msingi wa jengo umeshachimbwa. Kati alisema wanasubiri maelekezo. Chini alinionyesha ramani aliyoichora mwenyewe kwa penseli, na orodha ya wazazi ambao ni waashi.

Tumeshapeleka maombi ya uhamisho. Anayetaka kufanya hivyo aanze na namba ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi, kutoka shule anayotoka mtoto, maana bila hiyo mfumo wa NECTA haumtambui na mtazungushana tu na karatasi. Apate kwanza neno la mkuu wa shule anakokwenda kwamba nafasi ipo, na asilipe mtu yeyote "hela ya kiti". Hakuna kitu kama hicho, na nikisikia umelipa nitakuchelewesha sare kwa makusudi.

Suruali za kijana nimeshakata, mbili, na magotini nimeweka kitambaa mara mbili kwa ndani tangu mwanzo. Wateja wengine wa Chini wanaotaka hivyo ni nyongeza ya elfu mbili kwa kila suruali, na mje kabla ya Krismasi, ikishaingia Januari siahidi mtu.